Hotuba ya Mwanafunzi na Mizani ya Mwalimu: Kutoka Shule za Roma hadi Madarasa Yetu

Wazee wa Kongo waliosoma katika seminari ndogo au katika kolejio za mapadri kabla ya mwaka 1960, ukiwauliza walifika wapi katika masomo yao, wengi hawasemi kwamba walimaliza mwaka wa sita wa sekondari. Husema: «Nilimaliza rhétorique.» Mwaka uliotangulia huo waliuita poésie. Majina hayo yalikuja na Wabelgiji, na hata leo kijana wa Bruxelles au wa Liège aliye katika mwaka wa mwisho wa sekondari husema kwamba yuko «rhéto», ingawa yaelekea hajawahi kusimama mbele ya wenzake na kutoa hotuba ya Kilatini. Jina limebaki, kazi imeondoka. Ni kama mtaa unaoitwa Kiwandani ambamo kiwanda chenyewe kilifungwa zamani.

Makala haya yanakusudia kuichunguza kazi hiyo iliyoondoka, na hasa sehemu yake moja ambayo vitabu vya historia ya elimu huipita haraka: mwalimu aliyemsikiliza mwanafunzi akijaribu kuwavuta watu kwa maneno, alitumia kipimo gani kusema kwamba hotuba hii ni njema na ile ni dhaifu? Swali si la udadisi mtupu. Katika idara zetu mwanafunzi wa Kiswahili hupewa zoezi la hotuba ya ushawishi, na mwisho wa zoezi pana nambari ya kuandikwa juu ya 20. Nambari hiyo yaweza kumvusha au kumrudisha. Anayeiandika mara nyingi ni asistanti, ambaye hana mwongozo mwingine ila mazoea ya wale waliompima yeye.

Tuanze na maneno, maana maneno yenyewe yanabishana. Kitenzi kushawishi katika Kiswahili si kitenzi safi. Mkatoliki hulitamka neno kishawishi katika sala, wala hafikirii hapo hoja na ushahidi, bali mwanzo wa dhambi. Tena tunacho kitenzi kusadikisha, yaani kumfanya mtu asadiki, ambacho hakina harufu hiyo. Kilatini nacho kilijua jambo hili. Suadere, kumshauri mtu ili atende, ni ndugu wa suavis, yaani tamu. Kushauri ni kulifanya jambo liwe tamu kwa mwingine. Na neno letu shauri ni pana kwa namna ya kushangaza: ni nasaha anayopewa mtu, na tena ni kesi inayopelekwa mbele ya wazee. Shule za Roma zilikuwa na mazoezi mawili makuu ya hotuba, nayo yote mawili yangeweza kuitwa shauri. La kwanza, suasoria, lilikuwa kumpa nasaha mtu wa historia au wa hekaya aliye njia panda. La pili, controversia, lilikuwa kuitetea pande moja ya kesi ya kubuni mbele ya mahakama ya kubuni. Mwanafunzi alianza na nasaha, akaishia kwenye kesi.

Shule hizo hazikupokewa kwa furaha na kila mtu. Mwaka 92 kabla ya Kristo, Licinius Crassus na Domitius Ahenobarbus, waliokuwa wakishika cheo cha usimamizi wa maadili ya dola, walitoa tamko la kuwakemea walimu waliofundisha balagha kwa Kilatini, kwa sababu walileta jambo geni ambalo mababu hawakulijua. Ajabu ni kwamba Crassus mwenyewe alikuwa miongoni mwa wasemaji hodari kabisa wa zama zake. Alikuwa amejifunza kwa njia ya zamani, kwa kuwafuata wakubwa barazani na mahakamani, akisikiliza. Huko hapakuwa na alama. Aliyesema vibaya alishindwa kesi, na mji mzima ukajua.

Tamko halikufaulu. Miaka mia moja baadaye shule za hotuba zilikuwa zimejaa, na watu wazima nao walikwenda kusikiliza kama wengine waendavyo kutazama mchezo. Twayajua mengi juu ya shule hizo kwa sababu ya mzee mmoja wa Corduba katika Hispania, Seneca, baba wa yule mwanafalsafa. Alipokuwa mzee sana aliwaandikia wanawe yale aliyoyakumbuka kutoka kwa wasemaji wa ujana wake, na alijivunia kumbukumbu yake: asema kwamba zamani aliweza kuyarudia majina 2000 kwa taratibu ileile aliyoyasikia. Katika kazi yake zimebaki suasoria 7. Je, Alexander avuke bahari kuu? Je, Wasparta 300 wa Thermopylae wakimbie? Je, Agamemnon amtoe binti yake kafara? Na zile mbili za mwisho zahusu Cicero: je, amwombe Antonius msamaha? Na je, akubali kuvichoma vitabu vyake ikiwa Antonius ataahidi kumwacha hai?

Juu ya swali hili la mwisho Seneca aacha neno dogo ambalo mimi naliona lenye thamani kuliko mapambo yote anayoyanukuu. Asema hamjui hata mtu mmoja aliyeuchukua upande wa pili, yaani aliyemshauri Cicero avichome vitabu. Wote walivihurumia vitabu. Hakuna aliyemhurumia mwenye vitabu. Msomaji aone hapo kosa la swali lenyewe. Zoezi lilitungwa kama shauri lenye pande mbili, lakini hadhira ilikuwa imekwisha kuamua kabla msemaji hajafungua kinywa. Aliyesimama hakumvuta mtu kutoka mahali alipokuwa. Aliwaimbia wimbo walioupenda, nao wakapiga makofi.

Makofi hayo yalimkera sana mtu ambaye sasa tumfikie, maana yeye ndiye aliyeacha maelezo marefu kuliko wote juu ya mwalimu anayesikiliza. Marcus Fabius Quintilianus alizaliwa Calagurris, Hispania, karibu na mwaka 35 baada ya Kristo, akafundisha mjini Roma kwa muda wa miaka 20 hivi. Kaisari Vespasianus, aliyetawala tangu mwaka 69 hadi 79, alikuwa wa kwanza kuwalipa walimu wa balagha, wa Kilatini na wa Kigiriki, kutoka hazina ya dola: sesterti 100,000 kwa mwaka, wakati askari wa kawaida wa jeshi alipata 900. (Maasistanti watakaosoma mstari huu wasinitumie barua.) Quintilianus alikuwa mmoja wa waliopata mshahara huo. Alipostaafu aliandika vitabu 12 juu ya malezi ya msemaji, vikatoka karibu na mwaka 95. Wakati akiviandika alifiwa na mwanawe mkubwa, mtoto wa mwaka wa 10, ambaye alimkusudia kazi hiyo; alikuwa amekwisha kumzika mdogo na mama yao. Anapoandika basi kwamba mwalimu awe na moyo wa mzazi kwa wale aliokabidhiwa, neno hilo halikutoka katika kitabu kingine.

Katika kitabu cha kwanza Quintilianus asimulia desturi ya walimu wake mwenyewe. Wavulana waligawanywa katika makundi kwa kadiri ya uwezo, na kila mmoja alitoa hotuba katika nafasi yake: aliyetangulia wenzake kwa maendeleo alisema kwanza. Baada ya siku 30 hukumu ilirudiwa. Aliyekuwa juu hakuweza kulala, kwa kuwa nafasi haikuwa yake daima. Aliyeshindwa naye alijua kwamba aibu yake ina siku 30 tu. Kuliongoza kundi lilikuwa tunda tamu kuliko yote, na mzee Quintilianus akiri kwamba jambo hilo liliwasukuma zaidi ya maonyo ya walimu, ulinzi wa watumishi na matamanio ya wazazi. Tuangalie kwamba hapo hapana alama. Pana mfuatano: huyu mbele ya yule. Mwalimu hakulazimika kusema hotuba hii ina thamani gani peke yake, bali ipi ni bora kati ya mbili. Nadhani kila aliyewahi kupima hotuba atakubali kwamba swali la pili ni jepesi mno kuliko la kwanza. Twajua upesi kwamba Fulani amemshinda Fulani. Tukiulizwa kwa nini mmoja ana 14 na mwingine 13, tunaanza kutafuta maneno.

Kwa habari ya makofi, alikuwa mkali. Katika zama zake wanafunzi walikuwa wakirukaruka kutoka vitini mwenzao alipomaliza sentensi nzuri, wakipiga kelele za sifa, naye alirudisha adabu hiyo zamu yao ilipofika. Quintilianus aona hapo biashara: nikusifu unisifu. Ataka mwanafunzi anayesema autazame uso wa mwalimu, na wanaosikiliza waujifunze humo utofauti wa jambo jema na jambo baya. Mwalimu naye asiwe bahili wa sifa wala mwingi wa sifa, kwa maana ubahili huleta chuki ya kazi, na wingi huleta uvivu. Wazazi pia hakuwasahau. Akina baba, asema, walitaka watoto wao watoe hotuba mara nyingi iwezekanavyo kwa siku zilizopangwa, wakizihesabu hotuba badala ya kuzipima. Sijui kama pana ofisi ya masomo popote duniani isiyostahili kuambiwa hivyo.

Lakini fundisho lake lililo gumu zaidi, na ambalo ndilo kiini cha makala haya, lahusu matokeo. Wengi kabla yake walisema balagha ni uwezo wa kushawishi. Aliikataa tafsiri hiyo. Fedha hushawishi, asema, na cheo hushawishi. Hata Phryne, yule mwanamke wa Athens, yasemekana aliokolewa mahakamani na uzuri wa mwili wake, si na hotuba ya mtetezi wake. Kama kipimo ni kwamba watu wameshawishika, basi vitu hivyo vyote ni balagha. Kisha aongeza mfano wa nahodha na wa mganga. Nahodha aliyefanya kila lililompasa, dhoruba ikaivunja merikebu, hakupoteza sanaa yake. Mganga aliyetibu sawasawa, mgonjwa akafa, ni mganga bado. Vivyo hivyo msemaji: sanaa iko katika tendo, si katika tokeo. Aristoteles, zaidi ya miaka mia nne kabla, alikuwa amesema jambo lililo jirani, kwamba kazi ya balagha ni kuona njia za kusadikisha zilizomo katika kila jambo. Ingawa Aristoteles huyohuyo alifundisha pia kwamba mwisho wa hotuba ni yule anayesikiliza, yeye ndiye mwamuzi. Mafundisho hayo mawili hayapatani kwa urahisi, na mwalimu anayeshika kalamu yuko katikati yake.

Kwa upande mwingine, hatari ya kuisahau kabisa hadhira ya kweli nayo yajulikana. Porcius Latro, rafiki wa Seneca na bingwa wa shule zote za Roma, aliitwa siku moja Hispania kumtetea jamaa yake katika kesi ya kweli, uwanjani, chini ya mbingu. Alifadhaika hata akaanza na kosa la sarufi, na hakutulia mpaka mahakama ilipohamishiwa ndani ya jengo, penye kuta na dari kama darasani. Albucius Silus naye alitumia pambo la shuleni akimtaka mpinzani wake aape kwa majivu ya baba yake. Mpinzani akajibu kwamba yu tayari kuapa, na kesi ikaisha papo hapo. Katika shule pambo lile lingempatia makofi. Hapa tuna watu wawili ambao mwalimu yeyote wa zama zao angewapa nafasi ya kwanza.

Nina sababu ya kukaa hapa kwa muda. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kusimamia mazoezi niliwapa wanafunzi mada juu ya michango ambayo wazazi wa nchi yetu waliilipa tangu mwanzo wa miaka ya 1990 ili walimu wapate cha kula, desturi iliyodumu mpaka elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019. Karatasi yangu ilikuwa na sehemu nne, kila moja juu ya 5: sauti na ishara, mpango, lugha, na hadhira. Niliona fahari kuiweka hiyo ya nne. Nilidhani nimekuwa wa kisasa. Mwanafunzi mmoja alisema kwamba michango ile iliwaonea maskini, na ukumbi ukasimama. Nilimpa 17. Mwingine alichukua upande wa pili: kwamba bila michango shule nyingi zingefungwa, na kwamba aliyeilipa alikuwa na neno la kusema katika mkutano wa wazazi, ambalo asiyelipa amelipoteza. Walimzomea tangu sentensi ya tatu. Aliendelea kwa sauti ileile, akajibu kilio kimoja kilichotoka nyuma, akakaa. Nilimpa 9. Nilikuwa nimetunga suasoria ya Cicero bila kujua, kisha nikamwadhibu yule mmoja aliyethubutu kuvihurumia visivyohurumiwa.

Nilimwondolea pia alama za lugha. Alisema batoto na si watoto, alisema tulikuwaka tunalipa, kama asemavyo mama yake na kama isemavyo nusu ya Lubumbashi. Juu ya hili pia Quintilianus ana kisa. Asinius Pollio alidai kwamba katika maandishi ya Livius, mwanahistoria mkuu kabisa wa Roma, anasikia harufu ya Patavium, mji wake wa kuzaliwa. Na Theophrastus, ambaye lugha yake ya Athens ilikuwa fasaha kupita kiasi, alitambuliwa na kikongwe mmoja wa mjini humo kuwa mgeni. Alipoulizwa amejuaje, kikongwe akajibu kwamba mtu huyu anasema Kiathens mno. Quintilianus mwenyewe, mtoto wa Hispania, ataka maneno na sauti zimwonyeshe msemaji kuwa mzaliwa wa Roma, si mtu aliyepewa tu uraia wake. Sitamfuata huko mpaka mwisho. Kiswahili sanifu ndicho tunachokifundisha, na mwanafunzi wa licence asiyekimudu hajamaliza kazi yake. Sina ugomvi na jambo hilo. Lakini zoezi lilikuwa la kuwasadikisha watu wa ukumbi ule. Msemaji aliyewaendea kwa lugha ya redio ya Dar es Salaam angepata 5 kwangu, na kwao angekuwa yule Theophrastus.

Turudi kwenye njia ya historia, maana kutoka Roma hadi Katanga pana daraja. Daraja hilo ni Wajesuiti. Mwaka 1599, chini ya Mkuu wao Claudio Acquaviva, shirika lilitoa toleo la mwisho la utaratibu wa masomo, Ratio Studiorum, uliotawala kolejio zao zote mpaka shirika lilipovunjwa mwaka 1773. Liliporudishwa mwaka 1814, utaratibu huo ulirekebishwa na kutolewa tena mwaka 1832. Darasa la juu la lugha ndilo rhetorica. Humo Cicero alikuwa mfano wa hotuba, na kanuni zilitoka kwake na kwa Aristoteles. Wanafunzi waliwekwa wawili wawili, kila mmoja na mshindani wake, na katika kolejio nyingi darasa lote liligawanyika kambi mbili, Roma na Carthago. Tunaona mkono wa Quintilianus: mfuatano, si alama, wivu mwema, na nafasi inayoweza kupotea.

Pamoja na hayo Wajesuiti waliongeza jambo ambalo Roma haikulijua. Katika sheria za zawadi waliagiza kwamba waamuzi wawe watatu, wenye elimu na heshima, na mmoja aweza kutoka nje ya shirika; tena wasijue nani ameandika nini, jina la mwandishi likifichwa mpaka hukumu itolewe. Leo tunaliona jambo hilo kuwa la kawaida katika mitihani, lakini ni ugunduzi. Ni ugunduzi ambao hotuba haiwezi kuupokea. Zawadi zile zilikuwa za maandishi, ya nathari na ya mashairi. Karatasi hufichwa jina, sauti haifichiki. Msemaji husimama na uso wake, kabila lake, nguo yake, jinsia yake. Kwa hiyo mara mtihani ulipotaka haki ya namna hii, hotuba ya mdomo ilianza kurudi nyuma na maandishi kwenda mbele, na sidhani kwamba walioanzisha sheria ile walikusudia hivyo.

Wajesuiti walifika Kwango mwaka 1893, na wamisionari wa mashirika mengine walikuwa wamefika au walifuata katika sehemu nyingine za nchi. Seminari ndogo walizozifungua zilifuata mpango wa humanités wa Ubelgiji kwa Kilatini, na juu kabisa ya ngazi ilikuwa rhétorique. Kiswahili kilifundishwa katika shule za msingi za mashariki. Hakikupanda ngazi hiyo. Mkongo wa kwanza kutolea hotuba darasani na kupimwa kwa ustadi wa kushawishi alipimwa kwa Kilatini na kwa Kifaransa. Ukumbini mwake hapakuwa na hata mtu mmoja ambaye lugha hizo zilikuwa za mama yake, ila mwalimu, na hiyo kwa Kifaransa tu, kama hakuwa Mflamanko.

Historia ina kejeli zake. Tarehe 30 Juni 1960, katika Jumba la Taifa huko Léopoldville, Wakongo wawili walisema mbele ya mfalme Baudouin. Joseph Kasa-Vubu alikuwa amepita katika seminari, kwanza Mbata-Kiela, kisha Kabwe katika Kasai. Patrice Lumumba hakulijua darasa la rhétorique: alisoma shule za misioni katika nchi ya Watetela, za Kiprotestanti na za Kikatoliki, na baadaye shule ya posta. Hotuba ya Kasa-Vubu ilikuwa na mpango na adabu, na leo ni wachache wanaoikumbuka. Ile ya Lumumba ilikatizwa na makofi mara kadhaa, ikamkasirisha mfalme hata sherehe ikacheleweshwa, na saa chache baadaye, mezani, Lumumba alisema tena maneno ya kuwatuliza wageni. Mwalimu wa mizani yangu ya zamani angeandika nini katika sehemu ya hadhira? Ukumbi ulikuwa na hadhira mbili, na redio ilikuwa na ya tatu. Hotuba iliyowashinda watu wa mstari wa mbele iliwapata walio nje, na yawezekana kwamba msemaji alijua hivyo tangu alipoanza kuandika.

Mengine nitayapita haraka. Huko Ufaransa mageuzi ya mwaka 1902 yaliliondoa hata jina la rhétorique katika orodha ya madarasa. Insha, yaani dissertation, ilikuwa imekwisha kukalia kiti cha hotuba. Kwetu Mtihani wa Taifa, Examen d'État, ulianzishwa mwaka 1967, na sehemu yake kubwa ni maswali ya kuchagua jibu, ambayo mashine yaweza kuyasahihisha. Insha ilibaki, na Kifaransa cha mdomo kilibaki, pembeni. Mtihani wa namna hiyo una faida ambayo haifai kudharauliwa katika nchi kubwa kama yetu: mtoto wa Kongolo na mtoto wa Kinshasa wanapimwa kwa kipimo kimoja, wala mchunguzi hamjui baba wa yeyote. Lakini kijana anayetufikia chuoni amepimwa kwa miaka mingi bila kuulizwa hata mara moja amgeuze mtu mwenye akili aliyekaa mbele yake akimkatalia. Anapoulizwa kwetu kwa mara ya kwanza, anatoa insha kwa sauti kubwa.

Tangu mwaka ule nimeibadilisha karatasi yangu mara tatu, na sidhani kwamba imekaa sawa. Sehemu ya hadhira nimeifuta kama ilivyokuwa. Kabla ya hotuba kila msikilizaji huandika kwenye kipande cha karatasi upande alio nao. Baada ya hotuba haandiki kama amependa, bali huandika hoja moja ambayo ameiona ngumu kuijibu. Mimi husoma vipande hivyo kabla sijaandika nambari. Pande za mada zapigiwa kura, ili asiwepo wa kuchagua upande wenye makofi. Lugha naipima katika majibu ya maandishi zaidi kuliko jukwaani. Mwenzangu mmoja wa idara aniambia kwamba kwa njia hii nimerudisha matokeo kupitia dirishani baada ya kuyafukuza mlangoni, na kwamba Quintilianus angenicheka. Yawezekana. Nami hujibu kwamba mganga asiyehukumiwa kwa kifo cha mgonjwa hana ruhusa ya kutoshika mshipa wake.

Alama za yule mwanafunzi sikuweza kuzirekebisha. Deliberasyo ilikuwa imekwisha, na kanuni ni kanuni. Karatasi yake bado ninayo. Sauti na ishara 3, mpango 4, lugha 2, hadhira 0. Siku chache baada ya zoezi wenzake wawili walinifuata, mmoja baada ya mwingine, kuniuliza kama ni kweli kwamba mzazi asiyechangia amepoteza neno lake mkutanoni, maana walikuwa wamebishana nyumbani na hawakuweza kulijibu. Mmoja wao ndiye aliyepiga kile kilio kutoka nyuma.